Mrusi Aliyejua Mpaka wa Shamba Letu

Wasee, wacha nianze na aibu. Mchezo wa kwanza ambao kikundi chetu kiliwahi kuupandisha jukwaani ulikuwa wa saa mbili na nusu. Tuliuandika wenyewe. Ulikuwa na wahusika kumi na tisa, vifo vinne, harusi moja na mzimu. Tulikodi ukumbi mjini Machakos, tukakodi taa, tukakodi hadi jenereta kwa sababu stima haiaminiki. Kufikia onyesho la tatu watu walikuwa wameanza kuchungulia saa kwenye simu, maana mat ya mwisho ya kurudi Mumbuni haingojei mzimu. Tulipoinama kupiga saluti ya mwisho, ukumbini kulikuwa na watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wazazi wa yule mzimu. Deni tulililipa kwa miezi saba.

Baada ya hapo tulikaa kimya karibu mwaka mzima. Hatukukosana, tulikuwa tunaoneana haya tu. Kilichoturudisha ni michezo mifupi, ile ya dakika ishirini au thelathini, watu watatu, meza moja. Na kwa sababu nimekuwa nikiisoma kama mtu aliyepagawa, leo nataka kuwaambia ni ipi ya kutafuta, hasa nyinyi ambao mnapenda jukwaa na hamna ukumbi, hamna doo, na watu wenu wako huru kwa saa moja tu kati ya kutoka kanisani na kufua sare za shule.

Najua tatizo liko wapi. Wengi wetu tulikutana na tamthilia kwa mara ya kwanza tukiwa kidato cha tatu, na tulikutana nayo kama mtihani. Ulisoma Kigogo au Bembea ya Maisha ukiwa na kalamu nyekundu, ukitafuta mahali penye jazanda, na mpaka leo ukisikia neno dondoo tumbo linauma. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Mimi nilipenda Kigogo, kusema ukweli, lakini sikuwahi kumwona mtu akiicheza. Ni kama kusoma mapishi ya pilau kwa miaka miwili na hujawahi kuionja. Mchezo mfupi unaondoa hiyo shida, kwa sababu unaweza kuusoma Jumatatu, na Jumapili ya pili mkaucheza uani kwenu.

Huo wa kwanza niliousukuma mbele ya kikundi ni The Proposal, wa Anton Chekhov, Mrusi aliyekuwa daktari na akafariki mwaka wa 1904. Aliuandika mwishoni mwa miaka ya 1880. Stori ni hii. Jamaa mwenye moyo dhaifu na suti safi anaenda kwa jirani kuposa. Baba ya msichana akimwona na hiyo suti anadhani amekuja kukopa pesa. Msichana anaingia, hajui chochote kuhusu posa, na jamaa, badala ya kusema lililomleta, anataja kipande fulani cha malisho kilicho kati ya mashamba yao. Anasema ni chake. Msichana anasema ni chetu. Basi. Posa inasahaulika. Wanapigiana kelele, wanafukua mababu, mpaka jamaa anashikwa na moyo na kutoka nje akiyumba. Ndipo msichana anaambiwa kuwa huyo alikuwa amekuja kumposa. Analia, anataka arudishwe mara moja, na akirudi anamwambia shamba ni lako. Wanatulia kama dakika mbili hivi, kisha wanaanza kugombana kuhusu mbwa wa nani ni bora.

Watu watatu, chumba kimoja, kiti cha kuangukia. Tuliupata bure kwenye intaneti kwa Kiingereza, tukaugeuza kwa Kiswahili chetu chenye Kikamba ndani yake. Malisho yakawa kipande cha bondeni penye nyasi. Mbwa wakabaki mbwa, tukawaita Simba na Tomi.

Sasa nikiri. Niliambia kikundi kwamba nimeuchagua kwa sababu ni wa bure na ni mfupi. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli.

Kati ya shamba letu na la anko, ndugu mdogo wa baba, kuna mstari wa mikonge uliopandwa na babu. Baba alipofariki, mikonge minne ya chini iling'olewa na ua likapanda upande wetu, kama hatua nane hivi. Anko anasema babu alimwonyesha mpaka akiwa mtoto. Mathee anasema babu alimwonyesha yeye mpaka siku alipoolewa. Wamekaa kwa chifu mara mbili. Wanasali kanisa moja na wanakaa pande tofauti, na wakikutana njiani mathee anageuka kuangalia milima ya Iveti kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Binamu zangu, ambao tumekula isyo kwenye sufuria moja tangu utotoni, sasa tunasalimiana kwa simu tu.

Kwa hivyo nilijua ninachofanya nilipotuma mtoto amwambie anko kwamba Jumapili kutakuwa na mchezo kwetu, mimi mwenyewe nacheza, karibu. Kiingilio shilingi hamsini, watoto bure.

Alikuja. Alisimama nyuma, karibu na lango, mikono mgongoni. Watu walikuwa kama arobaini, wamekalia viti vya chama cha akina mama, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi lakini nani alijali, jua lilikuwa juu. Dakika kumi za kwanza anko ndiye aliyecheka kuliko wote. Anacheka vibaya, kama mtu anayekohoa, na watu wakawa wanamcheka yeye. Halafu tukafika pale ambapo msichana, yaani mimi, anaeleza kwamba kipande chenyewe hakina thamani yoyote ya maana, ni vile tu hawezi kuvumilia kudhulumiwa. Nikamwona anko ameacha kucheka. Nikageuza macho nimtafute mathee. Kiti chake kilikuwa kitupu, ameingia jikoni.

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya watu ukiendelea kupaza sauti huku ndani yako unajua umevuka mahali. Nilimaliza mchezo. Watu walipiga makofi. Anko alinijia akiwa ameshika kofia, akaniuliza, "Nani ameandika haya maneno?"

Nikamwambia, "Ni Mrusi, anko. Alikufa zamani sana, 1904."

"Mrusi." Alikaa akifikiria. "Na amejuaje habari ya shamba letu?"

Sikuwa na jibu. Aliniwekea noti ya mia mbili mkononi, akaenda.

Mathee hakunisemesha siku tatu. Siku ya kwanza aliniambia sentensi moja tu, kwamba nimewavua nguo mbele ya watu, na alikuwa na haki. Hiyo siitetei. Ukitumia jukwaa kuwaambia wazazi wako kitu ambacho unaogopa kuwaambia mezani, usijiite jasiri. Siku ya nne, tukiwa tunachambua mahindi ya muthokoi, akaniuliza ghafla, "Lakini huyo msichana, mwishowe kipande kilikuwa cha nani?" Nikamwambia mwandishi hasemi, ila msichana alikubali kuwa ni cha yule jamaa. Akatupa punje kwa sufuria. "Alikubali kwa sababu alikuwa anatafuta bwana. Mimi sitafuti bwana."

Ndio maana nawaambia anzeni na huo.

Wa pili, wasichana hasa, tafuteni Trifles wa Susan Glaspell, Mmarekani. Ni wa mwaka wa 1916. Glaspell alikuwa mwanahabari kule Iowa na aliwahi kufuatilia kesi ya kweli ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa kumuua mumewe, na miaka mingi baadaye akaigeuza kuwa mchezo. Mume amepatikana amenyongwa kitandani. Wanaume watatu, akiwemo mwendesha mashtaka, wanapanda juu kutafuta ushahidi, na wanawake wawili wanabaki jikoni kusubiri. Wanaume wakipita wanacheka vitu vya jikoni, eti vidogo vidogo. Na ushahidi wote uko humo jikoni: mshono ulioanza kwenda mrama, kizimba cha ndege kilichovunjwa mlango, halafu ndege mwenyewe. Wanawake wanaelewa kila kitu bila kuambiana chochote. Kisha inabidi waamue kama watasema.

Mshtakiwa haonekani jukwaani hata mara moja, wala marehemu. Hiyo ndiyo inanimaliza. Nimekaa jikoni na akina mama wa hapa wakati wa matanga, najua hiyo namna ya kuongea ambapo mtu anasema tu, "Eeh, yule alikuwa mtu mkimya," na wote wanaelewa miaka kumi ya ndoa. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na wengi wetu tulivaa nyeusi na kupiga picha. Huu mchezo unauliza swali gumu zaidi ya bango, kwa sababu hapa aliyekufa ni mwanamume, na bado utajikuta unashindwa kumhukumu mtu. Unahitaji waigizaji watano na vyombo vya jikoni. Vyombo tayari mnavyo.

Nikirudi kwetu Afrika Mashariki, kuna kitabu kinaitwa Short East African Plays in English, kilichotolewa na Heinemann mwaka wa 1968, wahariri wakiwa David Cook na Miles Lee. Nakala yangu niliipata Nairobi, kwa inama bookshop, zile za kando ya barabara ambapo unainama kuchagua, haina jalada na mtu ameiandikia hesabu za mkopo ukurasa wa mwisho. Ndani yake kuna The Exodus wa Tom Omara wa Uganda. Ametumia ile hadithi ya zamani ya Waluo ya mkuki na ushanga. Ndugu mmoja anapoteza mkuki wa mwenzake, umeondoka na ndovu, na mwenye mkuki anakataa fidia yoyote, anataka ule ule. Anaenda, anateseka, anauleta. Baadaye mtoto wa huyo mwenye mkuki anameza ushanga wa ndugu yake. Na huyu naye anataka ushanga ule ule.

Naachia hapo. Mkiusoma msiku huo mtalala mkifikiria mikonge. Uzuri wake mwingine ni kwamba hauhitaji taa wala pazia, ni hadithi ya kusimuliwa, unaweza kuwekwa chini ya mwembe.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, tunamjua kwa riwaya na kwa yale ya Kamĩrĩĩthũ, na alipofariki Mei 2025 kila mtu aliweka picha yake. Wachache wanajua ana michezo mifupi kabisa. This Time Tomorrow ilitangazwa redioni kabla ya kuchapishwa mwaka wa 1970. Mama anauza supu katika mtaa wa vibanda Nairobi, binti yake anataka kutoka humo, na jiji limesema mtaa utabomolewa. Ni hayo tu. Baada ya mafuriko ya 2024, tingatinga zilipoingia Mathare na Mukuru, niliusoma tena na nikaona hakuna neno la kubadilisha. Ukiucheza leo, mtu atafikiri umeuandika wiki jana na atakuuliza uko upande gani.

Wale wanaopenda kusimama peke yao, kuna Jogoo Kijijini wa Ebrahim Hussein wa Tanzania, ulitoka mwaka wa 1976 pamoja na Ngao ya Jadi. Mtu mmoja, lugha ya mashairi, mwili wote ukifanya kazi. Ni mgumu. Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nilikimbilia kunywa maji katikati. Wa kuchekesha, chukueni Masaibu ya Ndugu Jero wa Wole Soyinka, nabii wa ufukweni anayejua kabisa kwamba waumini ni wateja. Huo sihitaji kuueleza kwa Wakenya.

Na kuna mmoja wa Samuel Beckett unaitwa Breath, unachukua kama nusu dakika: takataka jukwaani, kilio, pumzi inaingia, pumzi inatoka, kwisha. Naupenda. Msiuleteni Mumbuni. Watu watarudishiwa hamsini yao kwa nguvu.

Jambo la karatasi kidogo, kwa sababu tuliwahi kuumwa nalo. Hapa Kenya hakimiliki ya mwandishi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo Chekhov na Glaspell mko huru nao, mradi tafsiri ni yenu wenyewe. Ngũgĩ, Soyinka, Hussein, ukiuza tiketi, waandikie wachapishaji kwanza. Barua pepe ni bure, na kujibiwa kwa kuchelewa ni afadhali kuliko kuitwa mwizi.

Kuna mtu ataniambia michezo mifupi ni ya watoto wa shule. Sawa, tuongee kuhusu watoto wa shule. Michezo ya tamasha la kitaifa la drama ni mifupi, kama nusu saa hivi. Mwaka wa 2013 Shackles of Doom wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa, na ikabidi Mahakama Kuu iamue uchezwe. Mwaka wa 2025 ikawa tena Butere, mchezo ukiwa Echoes of War, mahakama tena. Tarehe 10 Aprili kule Nakuru wasichana waliingia ukumbini, hapakuwa na hadhira, mwandishi wao Cleophas Malala alikuwa amezuiliwa na polisi, na nje kulikuwa na vitoa machozi. Waliimba wimbo wa taifa wakatoka. Mimi nilikuwa ndani ya mat naangalia hiyo video, bando likakata katikati ya wimbo, na mama mmoja kiti cha mbele akaniuliza, "Wameimba wakamaliza?" Ule ni mchezo wa nusu saa, wasee. Hakuna mtu aliyetuma polisi kwa ule wetu wa saa mbili na nusu wenye mzimu.

Mchezo ninaoutaka zaidi bado haujaandikwa, au kama umeandikwa haujanifikia. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuchukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, eti ni wengi kuliko malisho, na kule Athi River kulikuwa na kiwanda cha Liebig kinachosubiri nyama. Muindi Mbingu wa Ngelani, hapo juu Iveti, milima ile ile ambayo mathee huiangalia ili asimwone anko, aliongoza watu kwa maelfu kwenda Nairobi, wanaume, wanawake na watoto. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Baadaye Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Sisi tunamjua kama barabara ya mjini Nairobi, ile ya City Market. Sitaki filamu yake ya saa tatu yenye farasi. Nataka dakika ishirini: usiku mmoja Kariokor, wanawake wawili, moto, mtoto amelala, na mmoja anataka kurudi nyumbani kukamua ng'ombe ambaye huenda hayuko tena. Andika hiyo, nitumie, nitaicheza.

Kwa sasa tunafanya mazoezi ya Trifles, tutaicheza Desemba watu wakirudi likizo. Mathee amekubali tutumie vyombo vyake, ila sufuria kubwa ya chama hairuhusiwi kutoka mlangoni, na amesoma tafsiri yetu yote akarekebisha mahali ambapo tulikuwa tumemfanya mwanamke ashone vibaya. Mtu wa kupima mashamba bado hajaja, sijui nani atamlipa.

Jumamosi iliyopita anko alimtuma binamu yangu na mkokoteni. Ndani kulikuwa na mbao sita na kikopo cha misumari, za kutengenezea jukwaa, eti wa nyuma hawaoni vizuri. Mathee alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nizipange pale chini, na nihakikishe ziko upande wetu wa mikonge.